Mshika Ncha wa Kitendaguro

Gamaliel Karugendo alikuwa mwalimu wa hesabu siku tano za juma. Siku ya sita alikuwa Rwamulilo, mpiga upanga aliyeua majoka saba na kuteketeza jeshi zima la mifupa kwa ncha ya silaha yake. Siku ya saba alikwenda kanisani, akaomba msamaha wa jumla bila kuingia kwenye vipengele. Katika watu hao watatu, mwenyewe alimpenda zaidi yule wa Jumamosi, maana yule hakuwa na kitambi wala madaftari ya kusahihisha.

Majoka yalikuwa ya mdomoni na mashujaa walikuwa wa karatasi. Kila Jumamosi saa saba mchana watu wazima watatu walijifungia chumba cha nyuma cha duka la Elieth, duka la kalamu na karatasi karibu na soko la Bukoba, wakacheza. Elieth alikuwa msimulizi. Yeye ndiye aliyesema mbele yenu kuna daraja linawaka, au pango lina kitu kinapumua. Gamaliel na Kashaija, mpima damu wa maabara, walisema mashujaa wao wanafanya nini, kisha dadu ya pande ishirini ikaamua kama wamefaulu au wameaibika. Elieth aliandika kila kilichotokea kwenye daftari gumu, tangu siku ya kwanza, miaka mitatu sasa. Simu zilikaa ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati, zimefunikwa, ili dunia isiwasumbue.

Gamaliel hakuridhika kucheza tu. Alitaka kutunga. Wachawi wa mchezo ule walimchosha kwa kupunga mikono na kunong'ona, naye akaona si heshima mtu mzima kupunga mikono hewani. Akajaza daftari la kurasa mia na kanuni za aina mpya ya shujaa, akawaita Washika Ncha. Nguvu za Mshika Ncha hazina njia nyingine ya kutokea isipokuwa kwenye silaha yake. Moto unapita kwenye upanga, radi inapita kwenye mkuki, na ukimnyang'anya silaha amebaki mtu wa kawaida anayepayuka. Na silaha haiamki yenyewe. Inaamshwa kwa kwebuga, kama walivyofanya wazee wa Kihaya mbele ya mukama, mfalme wao, mtu amesimama na mkuki mkononi anajisifu, akihesabu matendo yake moja baada ya jingine.

Kilichomvimbisha kichwa zaidi ni kanuni ya nne. Kila mchezaji anapotaja tendo, wenzake mezani wanamuuliza, "Nani alikuona?" Akiwepo mtu anayekumbuka kwamba shujaa yule kweli alifanya jambo lile, silaha inapata moto na dadu inaongezewa mbili. Asipokuwepo shahidi, silaha inapoa kama jiwe mpaka kesho yake. Uongo hauchomi kitu. Gamaliel alimweleza Elieth kwamba kanuni hiyo ni matunda ya kufikiri kwa muda mrefu, na Elieth, mwenye daftari gumu, aliipenda papo hapo kwa sababu ilimfanya yeye awe mtu wa kuogopwa kuliko majoka.

Upanga wa Rwamulilo, kwa macho ya kawaida, ulikuwa rula ya ubaoni ya mita moja iliyoazimwa shuleni na kusahauliwa kurudishwa. Kwa rula hiyo Gamaliel alijisifu kwa sauti mpaka wateja wa mbele wakauliza kama kuna maombi. Kwa rula hiyohiyo alivunja taa ya chumba, akalazimika kupanda juu ya meza kuweka nyingine, Kashaija amemshika miguu. Ndipo akaanza kusema kwamba mambo haya yangenoga na silaha ya kweli, na kwamba silaha ya kweli ipo, nyumbani kwao Muleba, na kwa haki ya kuzaliwa inamngoja yeye.

Hapo hakutia chumvi. Baba yake, Mzee Karugendo, alikuwa amefariki mwaka uliopita, na ukoo ulipanga siku ya kumaliza matanga na kumweka omusika, yaani mrithi mkuu. Mrithi anakalishwa kwenye kiti cha marehemu mbele ya watu, anakabidhiwa eichumu, mkuki wa nyumba ile uliopita mikononi mwa warithi wanne au watano, anasimama anajisifu, basi. Kuanzia hapo yeye ndiye mwenye nyumba na kibanja chake, migomba, mibuni na makaburi. Gamaliel alikuwa mtoto wa kwanza. Ukoo haukuwa umeona sababu ya kujadili.

Ila kibanja hicho kilikuwa na mtu. Avit, mdogo wake, hakuwahi kuondoka. Mama yao alikuwa Mkatoliki na baba Mlutheri, wakakubaliana kupokezana majina ya watoto. Wa kwanza akapata jina la baba, wa pili la mama, na ugomvi ukaishia hapo. Avit aliishia darasa la saba, akajenga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya baba, akamwoa Dativa, na kwa miaka kumi na tano akapalilia, akakata, akatandaza nyasi na kubeba samadi, huku kaka yake akija Krismasi na Pasaka kusema kwamba hewa ya kijijini ni nzuri. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, Avit alipiga simu. Alizungumza kwanza habari za mvua na kahawa, kama kawaida ya mtu mwenye jambo jingine.

"Kaka," akasema mwishoni, "ukishashika mkuki, mimi na Dativa tutakaa pale kama nani?"

Gamaliel alimjibu asiwe na wasiwasi, watakaa kama walivyo. Alipokata simu alijiona ametoa neno la kiungwana. Hakutaka kufikiri kwamba kukaa kama walivyo ndilo jambo lenyewe lililokuwa linamnyima Avit usingizi, kukaa kwenye udongo alioulima kwa ruhusa ya mtu asiyejua hata mgomba gani ni wa pombe na upi ni wa ndizi za kupika.

Akili ya Gamaliel ilikuwa kwenye kujisifu. Alikaa mezani kwake Kitendaguro, mtaa wa Bukoba alikoishi, akachukua karatasi, akaandika juu kabisa: Matendo yangu. Akapiga mstari chini kwa rula, vizuri sana. Kisha akakaa. Baada ya nusu saa alikuwa ameandika kwamba amefundisha wanafunzi wengi, na kwamba baadhi walifaulu. Akaongeza kwamba aliwahi kung'atwa na mbwa wa mkuu wa shule bila kulia. Akaikata hiyo ya mbwa, kwa sababu alilia. Mtu wa miaka thelathini na nane, na karatasi ilibaki nyeupe kiasi kile.

Kwa hiyo alimwazima Rwamulilo. Alichukua matendo ya mezani, akayavalisha nguo za Kagera. Mto wa moto akaugeuza kuwa mto Ngono uliofurika. Jeshi la mifupa likawa wezi wa kahawa. Joka la mwisho lilimsumbua kidogo, ila akaliita "mnyama", kwa wingi wa busara, ili kila msikilizaji ajaze mwenyewe. Akayafanyia mazoezi uani, rula mkononi, kwa Kihaya chake cha mjini kilichochanganyika na Kiswahili, mpaka jirani yake, mama mmoja aitwaye Clotilda, akachungulia juu ya ua na kumuuliza kwa adabu kama mwalimu ameamua kugombea udiwani. Gamaliel akasema anafanya mazoezi ya sauti. Clotilda akasema na kweli, inahitaji.

Hayo yote Gamaliel aliweza kuyacheka. Alikuwa hodari wa kujicheka. Ilikuwa njia yake ya kuwahi kabla wengine hawajaanza. Lakini kulikuwa na Jumamosi moja ambayo hakuwahi kuifanyia mzaha, na hata Elieth na Kashaija walijifunza kuiruka.

Jumamosi hiyo, mwaka uliopita, walikuwa kwenye pambano la joka la saba. Zamu ilikuwa ya Rwamulilo. Simu ikalia ndani ya kopo la biskuti, na kwa sababu kelele za kopo zilikuwa kubwa, Gamaliel aliinuka akalifungua. Akaona jina la Avit. Akadhani ni habari za mabati ya jikoni, waliyokuwa wamebishana juma zima. Akairudisha simu ndani, akafunika kopo, akarudi mezani akajisifu, akarusha dadu, ikasimama kwenye ishirini. Walishangilia mpaka wakagonga ukuta. Simu ililia mara nyingine mbili wakati wanashangilia. Alipompigia jioni, Avit alimwambia kwamba baba aliangukia shambani mchana, kiharusi, na kwa muda wa saa moja hivi alikuwa bado anaweza kusema, na katika saa hiyo alimtaja Gamaliel, akataka azungumze naye. Gamaliel alifika Muleba asubuhi ya Jumapili. Baba alimtazama siku nne bila neno, kisha akafa. Gamaliel aliwaambia watu wote kwamba hakusikia simu.

Siku ya mrithi iliangukia Jumamosi pia. Elieth na Kashaija walifunga safari naye, Elieth akiwa na kamera kwa ajili ya kupiga picha za mkuki zitakazowekwa kwenye jalada la kanuni za Washika Ncha. Walipofika, ua ulikuwa umejaa. Sufuria za matoke zilikuwa motoni nyuma ya nyumba, vikapu vidogo vya kahawa ya kutafuna vilikuwa vinazunguka, na wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya kanisa vilivyoazimwa. Mchungaji aliomba kwanza, akaomba vizuri, kisha akaaga akisema ana ubatizo mahali, kama alivyofanya kila palipotajwa mkuki. Avit alikuwa kwenye maji na kuni. Alimsalimia kaka yake kwa mikono miwili, akaenda kuongeza maji.

Aliyeongoza shughuli alikuwa baba mdogo, Mzee Kahangwa, lakini aliyeiendesha hasa alikuwa Shangazi Kokugonza, dada mkubwa wa marehemu, bibi mfupi mwenye fimbo, ambaye hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kumkatiza akaendelea kuwa na raha. Walimkalisha Gamaliel kwenye kiti. Walimfunga lubugo begani, vazi la gome la mti, likamwasha shingo. Kisha Mzee Kahangwa akautoa mkuki ndani ya nyumba.

Gamaliel alikuwa ameufikiria mkuki huo kwa mwaka mzima, na katika fikra zake ulikuwa unang'aa. Ulikuwa mfupi kuliko rula. Mpini ulikuwa mweusi kwa jasho la watu waliokufa, na ncha ilikuwa na madoa ya kutu pembeni, ila katikati ilikuwa imesuguliwa hivi karibuni kwa mkono wa mtu. Alipoupokea ulikuwa mzito na baridi. Aliona kwa pembe ya jicho kamera ya Elieth ikiinuka, akavuta tumbo ndani.

"Waitu," akaanza kwa neno la heshima, sauti ikatoka vizuri kuliko uani. "Mimi niliyevuka mto Ngono ulipofurika, wenye miguu minne wakarudi nyuma!"

Wazee walifurahi. Wawili walinguruma kwa kuunga mkono, maana ilikuwa muda mrefu hawajasikia kijana wa mjini akijaribu. Gamaliel alisikia damu ikipanda kichwani kama siku za dadu nzuri. Akavuta pumzi kwa ajili ya wezi wa kahawa. Shangazi Kokugonza, bila kuinua macho kutoka kwenye kikapu cha kahawa alichokuwa anakipekua kwa vidole, akauliza.

"Nani alikuona?"

Si kwamba aliuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeulizia chumvi. Ila Gamaliel alisimama na mkuki juu, mdomo wazi, kwa sababu alikuwa ameyatambua maneno hayo, na hayakuwa ya kanuni ya nne. Yalikuwa ya baba yake. Utotoni walikuwa wakirudi kutoka ziwani au machungani, yeye Gamaliel akiwa mbele kwa maneno, ameua nyoka, amepiga watoto watatu, na Mzee Karugendo, ameinama anaanika kahawa kwenye mkeka, alikuwa anauliza vilevile, bila kuinua macho, nani alikuona? Gamaliel akaishiwa, na baba akacheka kidogo akaendelea kuanika. Miaka ilipita, akayasahau, kisha yakamrudia akadhani ameyatunga. Akayaandika kwa wino wa bluu kwenye daftari, akajipongeza.

Nyuma ya ua mkono uliinuka.

"Mimi nilimwona," akasema Elieth.

Maskini Elieth, ilikuwa mazoea. Tangu kanuni ya nne ianze, swali hilo likiulizwa, yeye ndiye hujibu, na tendo la mto alilikumbuka mpaka ukurasa. Wazee waligeuka wote kumtazama binti huyo wa mjini mwenye kamera. Shangazi Kokugonza akamuuliza aliona wapi. Elieth aligundua alipo. Alitazama kushoto na kulia, akasema kwa sauti ndogo kwamba ilikuwa dukani kwake, chumba cha nyuma.

"Mto ulipita chumba cha nyuma," Shangazi akasema, akitaka kuhakikisha.

Watu walicheka, si kwa ubaya. Kashaija alijifunika uso kwa kofia. Gamaliel naye alicheka, na hapo hapo angeweza kutoka salama. Angejigeuza kichekesho, kama alivyojigeuza maisha yake yote, wangepiga makofi, wangekula, na jioni angekuwa mwenye nyumba. Mzee Kahangwa alishaanza kuashiria kwa mkono kwamba inatosha, amejitahidi. Avit alikuwa amesimama kando ya pipa, ndoo mkononi, na alikuwa mtu pekee ambaye hakucheka. Alikuwa anaitazama ncha ya mkuki ilivyokuwa inatikisika, kama mtu anayemtazama mgeni akichezea kitu cha nyumbani. Gamaliel alijua wakati huo ni mkono wa nani uliokuwa unaisugua.

Akaushusha mkuki, kitako chake kikagusa udongo.

"Bado sijamaliza," akasema. "Nina tendo moja."

Shangazi aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Mimi niliyeona jina la ndugu yangu kwenye simu nikaifunika," Gamaliel akasema. Kihaya chake kilikuwa kimemkimbia, alisema kwa Kiswahili cha shule, neno moja moja, kama anayesoma ubaoni. "Siku baba alipoanguka. Nilisikia. Niliona jina. Nilikuwa nacheza. Nilikuwa naua joka, dukani kwa huyu dada. Baba alikuwa ananiita, na mimi niliua joka, likafa, tukashangilia. Niliwadanganya nyote. Hilo ndilo tendo langu."

Hakuna aliyecheka. Kuku alipita katikati ya ua na watu wakampisha kwa macho. Gamaliel alisikia aibu mwili mzima, aibu halisi, si ile ya kuchezea. Alingoja swali. Alijua lazima litakuja, maana bila swali hilo kwebuga haikamiliki, mezani wala Muleba.

"Nani alikuona?" akauliza Shangazi, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

Elieth alijua, na alikuwa amefungua mdomo. Lakini Avit aliweka ndoo chini kwanza.

"Mimi," akasema. "Nilikuwa upande wa pili wa simu. Nilipiga mara tatu. Mara ya kwanza baba alikuwa ameushika mkono wangu, anauliza, amepokea?"

Hakusema kama amesamehe, na hakuna aliyemuuliza. Gamaliel alitembea mpaka kwenye pipa, lubugo likimburuta, akamnyooshea mdogo wake mkuki kwa mikono miwili, jinsi Avit alivyokuwa amemsalimia asubuhi. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba huu si wake, na kibanja si chake, na alikuwa anaujua ukweli huo tangu siku ile ya simu ya mvua na kahawa, ila alikuwa anautaka mkuki.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mzee Kahangwa alisema mtoto wa kwanza ni mtoto wa kwanza. Mwingine akasema jina limeshaandikwa kwenye muhtasari. Mwingine akauliza sasa kuku mweupe aliyechinjwa kwa ajili ya Gamaliel itakuwaje, na swali hilo, Mungu anisamehe, lilijadiliwa muda mrefu kuliko yote. Shangazi Kokugonza aliwaacha wamalize pumzi. Kisha akagonga fimbo, akasema mwenye kiti aliyelala pale kaburini alikuwa akiwauliza watoto wake swali moja tu, na hakuwahi kuuliza nani alizaliwa kwanza. Akamwambia Avit ashike mkuki, ajisifu.

Avit aliushika. Haukutikisika. Alikuwa si mtu wa maneno, na alisimama kimya kiasi kwamba watu walianza kumwonea huruma. Dativa, mkewe, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Avit akatazama migomba, akatazama kaburi, akatafuta tendo. Alipolipata lilikuwa fupi.

"Mimi nilikuwepo," akasema.

Shangazi hakuwahi kuuliza. Ua mzima ulijibu kabla yake, wazee na wanawake wa jikoni, majirani, hata wale waliokuja kwa ajili ya chakula.

"Tulikuona."

Katibu wa ukoo alikata jina kwenye muhtasari kwa kalamu aliyopewa na Elieth. Wakala. Gamaliel alikula pembeni, amevuliwa lubugo, kila anayepita akimgusa bega. Jioni, alipokuwa anaaga, Avit alimletea kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Kilikuwa omuhoro wa baba, kile kisu kilichopinda cha kukatia majani na machipukizi ya migomba, mpini umelika kwa miaka. Gamaliel alianza kushukuru. Avit akamwambia si wa kuweka ukutani. Huo unakuja na kazi, safu nne za upande wa makaburini, na Jumamosi ndiyo siku anayopalilia huko.

Hivyo Rwamulilo alikufa, bila heshima, kwa kukosa nafasi. Elieth aliandika kwenye daftari gumu kwamba alivuka mto akatokomea chumba cha nyuma. Siku hizi wanacheza Jumapili alasiri, wakati Gamaliel amerudi kutoka Muleba, na mara nyingi anashindwa kurusha dadu kwa sababu ya malengelenge ya kiganjani. Kashaija amempima akasema atapona. Kanuni za Washika Ncha bado hazijaisha. Kanuni ya nne ameiandika upya, chini yake ameweka jina la Mzee Karugendo.

Jumamosi ya tatu alipangiwa kupunguza machipukizi. Avit alimwonyesha: shina hili la mama, huyu mtoto, huyu mjukuu, wengine ondoa. Akarudia mara mbili, polepole, kama watu wanavyorudia kwa wazee. Kisha akaenda upande wake. Gamaliel alifanya kazi saa mbili, jasho likimwingia machoni, na akafikia mahali mkono ukajua njia. Omuhoro ulikuwa na joto kiganjani mwake. Akaona raha, na raha ikampandisha kichwa, akainua silaha, akanong'ona, "Mimi nisafishaye safu nne," akafyeka kwa pigo moja safi.

Mgomba uliinama taratibu, ukalala. Ulikuwa shina la mama, na juu yake mkungu ulikuwa umebakiza wiki mbili tu. Gamaliel alisimama na omuhoro mkononi. Alitazama kulia. Alitazama kushoto, kuelekea njia, kisha kuelekea kaburi la baba yake. Alikuwa anapima kama majani yatatosha kuufunika wote.

"Nimekuona," akasema Avit nyuma yake, akainama kushika upande mmoja wa mkungu, akamngoja kaka yake ashike wa pili.